Saa za Umma kwa Programu Isiyo Yetu

Hoja: je, mtaalamu anayelipwa na umma hapa Dodoma atumie sehemu ya saa zake kutunza gst-inspect, programu huria ya mstari wa amri inayokagua mfumo wa sauti na video uitwao GStreamer? Wanaobishana ni wanne, na kazi zao zinatosha kuwatambulisha.

AFISA TEHAMA: Nianze kwa kukataa, tusipotezeane muda. Programu hii haina kitufe hata kimoja. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, inakumwagia mistari ya Kiingereza, basi. Mwananchi wa Bahi hataiona maisha yake yote. Mimi nina mifumo inayomgusa mwananchi huyo, na kila mmoja una hitilafu zinazosubiri. Nikutoe huko nikupeleke kwenye skrini nyeusi kwa hoja gani?

MTUNZAJI: Kwa hoja kwamba mifumo yako ya sauti na picha iliyojengwa juu ya GStreamer, kaka, haikaguliki vizuri bila hiyo. GStreamer si programu moja nzima. Ni mamia ya vipengele vilivyofungashwa ndani ya plagini: kimoja kinasoma faili, kingine kinatenganisha sauti na picha, kingine kinasimbua, kingine kinapeleka kwenye spika. Ukiviunga kwa mlolongo unapata redio, au kamera ya getini, au rekodi ya kikao. Kikikosekana kimoja, mlolongo mzima unagoma. gst-inspect ndiyo inayokuambia kipo au hakipo, kinapokea nini, kinatoa nini, mipangilio yake ya kuanzia ni ipi, na daraja lake ni ngapi. Vikiwepo viwili vinavyosimbua video ya aina moja, mfumo huanza na chenye daraja kubwa: 256 ni cha kwanza, 128 kinafuata, 64 ni cha akiba, na chenye sifuri hakiguswi mpaka ukitaje kwa jina. Sasa niambie, kamera zikigoma asubuhi baada ya seva kusasishwa usiku, fundi wako anaangalia wapi?

AFISA TEHAMA: Anampigia simu mzabuni.

MTUNZAJI: Na mzabuni anafungua gst-inspect.

AFISA TEHAMA: Aifungue. Ipo, inafanya kazi, ni ya bure. Tangu lini ipo?

MTUNZAJI: Mradi wa GStreamer ulianza 1999, toleo la kwanza kubwa likatoka 2001. Mfululizo wa 1.0 tunaoutumia leo ni wa Septemba 2012.

AFISA TEHAMA: Robo karne, basi. Kitu kilichosimama robo karne bila wewe kinakuhitaji kwa lipi?

MTUNZAJI: Hakikusimama, kilishikiliwa. Vinavyokaguliwa vinabadilika kila siku. Mtu akibuni aina mpya ya sifa kwenye kipengele chake, na gst-inspect haijafundishwa kuisoma, itaandika kwamba aina hiyo haijulikani, na ukaguzi umeishia hapo. Plagini ikikosa maktaba inayoitegemea, mfumo unaiweka kwenye orodha ya zilizokataliwa na kuendelea kimya kimya. Lazima awepo mtu wa kuhakikisha orodha hiyo inasomeka ukiomba kuiona. Mwaka 2019, kwenye toleo la 1.16, waliongeza rangi, na maandishi marefu yakawa yanafunguka ukurasa kwa ukurasa. Jambo dogo, sivyo? Lakini kuna skripti duniani kote zinazosoma maandishi yale. Rangi kwenye terminali ni herufi za siri zinazochomekwa katikati ya maneno. Kama aliyeziweka asingeuliza kwanza, ndani ya programu, “naandikia skrini au naandikia programu nyingine?”, skripti zote hizo zingeamka zimevunjika. Aliuliza. Zaidi ya hapo akaacha na swichi ya kuzima rangi kabisa.

FUNDI SAUTI: Hapo na mimi nina neno, na halitakufurahisha, binti. Mimi ni mmoja wa hao wenye skripti. Narekodi ngoma za wazee, Chamwino huko na vijiji vya pembeni, na kabla sijapeleka faili popote skripti yangu inauliza kwanza kompyuta ina nini na haina nini. Aliniandikia mpwa wangu, akaenda zake Mwanza. Mimi sijui kuirekebisha. Kwa hiyo nikisikia kijana ana hamu ya kuitunza programu hii, roho inanidunda. Mtunzaji mwenye hamu ni mtu wa kuhamisha vitu. Leo ataona neno fulani limekaa vibaya, atalinyoosha. Litapendeza, na mimi nitalala bila kazi.

MTUNZAJI: Skripti yako inatafuta maneno kwenye maandishi, mzee wangu?

FUNDI SAUTI: Inatafuta mstari wenye jina la kipengele, kisha inahesabu.

MTUNZAJI: Basi imejengwa pabaya. Ipo njia rasmi: unaandika gst-inspect-1.0 --exists pamoja na jina la kipengele, na programu inajibu kwa namba peke yake, sifuri kama kipo, moja kama hakipo. Hakuna neno la kunyoosha hapo.

FUNDI SAUTI: Unanifundisha leo. Kabla ya leo ningelijua kwa nani? Na wako wangapi kama mimi ambao hutakutana nao?

MTUNZAJI: Siwajui, na ndiyo sababu mtunzaji hubadilisha kidogo na kwa hofu. Lakini mzee, usidhani kutogusa ndiyo usalama. Zamani za mfululizo wa 0.10 ilikuwepo gst-xmlinspect, programu pacha iliyotoa taarifa zile zile kwa mpangilio wa XML, mahususi kwa skripti kama yako. Ilipokuja 1.0 haikuvuka. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ilizikwa, na iliyotengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu ndiyo tunayoibishania leo, mashine nazo zikiwa zimeing'ang'ania. FFmpeg wana ffprobe, inayoweza kukupa majibu kwa JSON, na skripti zinakaa salama zaidi. Upande huu bado kuna pengo.

AFISA TEHAMA: Sasa tunaelewana. Kumbe pengo lipo. Mimi ningekuwa tayari kutetea kazi inayoonekana. Kwa mfano, tafsirini maandishi yake yawe Kiswahili. Hilo nitaliandika kwenye mpango kazi na hakuna atakayenihoji.

FUNDI SAUTI: Ukiyageuza Kiswahili skripti yangu inakufa siku hiyo hiyo!

MTUNZAJI: Si lazima. Skripti iliyoandikwa vizuri huanza kwa LC_ALL=C, yaani inadai maandishi ya asili hata kama kompyuta imewekwa lugha nyingine.

FUNDI SAUTI: Yangu haina hiyo.

MHADHIRI: Na mimi niingie, maana mmegusa kidonda cha zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice chini ya mradi wa Kilinux. Programu ya ofisini kwa Kiswahili, huria, bure. Ilikuwa kazi ya heshima na walioifanya walijua walichokuwa wakikifanya. Leo ni ofisi gani hapa Mtumba unayoweza kuingia ukaikuta? Programu mama ilisonga mbele toleo kwa toleo, na kila toleo linakuja na maneno mapya ya kushughulikia. Mfadhili hulipia uzinduzi. Toleo la kumi na nne hulipiwa na nani? Kwa hiyo, Afisa, usimpe binti huyu kazi ya tafsiri ili upate cha kuandika kwenye mpango. Utampa mzigo ule ule wa matunzo, kisha mara mbili.

AFISA TEHAMA: Mwalimu, nilidhani uko upande wake.

MHADHIRI: Sijawa. Yeye anachanganya vitu viwili. Kuchangia rekebisho moja ni jambo jema kwa mwanafunzi. Ningependa wanafunzi wangu wa CIVE, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, wafanye hivyo kuliko kuniletea kila mwaka mfumo mwingine wa kusimamia hosteli. Anasoma msimbo wa watu waliomtangulia, anakosolewa hadharani na mtu asiyemjua, anajifunza adabu ya kazi. Lakini kutunza ni kitu kingine. Kutunza ni kujibu ile barua ya mtu aliyekasirika, siku ambayo huna hamu, kuhusu hitilafu isiyokuhusu. Ni kusema hapana kwa rekebisho zuri kwa sababu litamvunja mzee huyu na mpwa wake wa Mwanza. Ukipewa saa mbili kwa wiki na mwajiri anayeweza kuzifuta kwa ujumbe mmoja, wewe hutunzi, unatembelea.

MTUNZAJI: Mwalimu, maabara ya DHIS2 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haikutembelea. DHIS2 ilitoka Oslo, lakini Watanzania wamejenga sehemu zake zinazotumika nje ya mipaka yetu. Walianzaje kama si kwa kuanza?

MHADHIRI: Walianza kwa sababu taarifa za hospitali na zahanati za nchi nzima zilipita humo. Wizara ilikuwa na maumivu, na penye maumivu fedha hufika. Nionyeshe maumivu ya gst-inspect.

 

FUNDI SAUTI: Maumivu nitayaonyesha mimi, ingawa sijasema niko upande wa nani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake akarekodi muziki wa Wagogo: ilimba, zeze, sauti za watu. Rekodi zile ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954, na mpaka leo zinasikilizwa. Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma, alifariki 2003, na sauti yake unaipata kwenye santuri zilizotolewa Uingereza. Tuliobaki huku tunarekodi kwa vifaa vyetu, na vifaa hivyo vinadanganya. Chukua siku ya tamasha Chamwino. Unaiacha mashine inarekodi stereo, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja inakula gigabaiti moja na ushee. Faili la WAV la kawaida lina nafasi ya kuandika ukubwa usiozidi gigabaiti 4 na kidogo, yaani kama saa 4 na dakika 8. Ukipitiliza mpaka saa 5, na kifaa chako hakikujua kugawa faili, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Programu inayoamini kichwa cha faili itakuambia una rekodi ya dakika 51.

AFISA TEHAMA: Na saa nyingine nne?

FUNDI SAUTI: Ziko ndani ya faili. Ila asiyekagua ukubwa wa faili dhidi ya muda uliotajwa atanakili dakika 51, atafuta kadi, na wazee waliocheza muheme mchana wote wameondoka hivyo. Lipo na la pili, baya zaidi. Faili limerekodiwa kwa 48,000, mtu njiani akaliandika kichwani kuwa ni 44,100. Dakika 10 zinakuwa dakika 10 na sekunde 53, na sauti inashuka karibu robo tatu ya toni. Kwa piano ungeshtuka. Kwa ilimba, ambayo kila fundi anaitega kwa sikio lake, nani huko mbali atashtuka? Atakayesikiliza miaka 50 ijayo ataandika kitabu kwamba Wagogo waliimba polepole na kwa sauti nzito.

MHADHIRI: Lakini mzee, programu ya ukaguzi yenyewe ingerudia uongo huo. Kichwa kinasema 44,100, nayo inasema 44,100.

FUNDI SAUTI: Ndiyo. Aliyekamata alikuwa mpiga ilimba. Alisema, “Hii si yangu.”

AFISA TEHAMA: Basi unaniunga mkono! Ukaguzi wa kweli ni wa mtu. Nimlipe mpiga ilimba.

FUNDI SAUTI: Mlipe, atafurahi. Lakini yeye hawezi kusikiliza mafaili yote, wala hataishi milele. Programu inanipa muda na kiwango cha sampuli kwa mafaili yote kwa mkupuo, naona lipi halilingani na daftari langu, hayo ndiyo namsikilizisha. Na kwa haki, inayosoma mafaili si gst-inspect. Ni wenzake, gst-discoverer au ile ffprobe. gst-inspect inaniambia tu kama kompyuta yangu ina uwezo wa kuyasoma.

MTUNZAJI: Na hiyo “tu” ndiyo kazi yenyewe. Januari 2016, waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alipotangaza kwamba TBC itasitisha kuonyesha Bunge moja kwa moja, gharama ikitajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, nchi nzima ilibishana kuhusu nani aone na lini. Haki yao. Lakini sikumbuki mtu aliyeuliza: rekodi yenyewe, baada ya miaka 30, itafunguliwa na nini? Aina za video zinakufa. Kipengele kinachosimbua aina ya zamani kinakosa mwenyewe, kinaondolewa. Siku hiyo utataka programu inayokuambia bila kuficha: kilikuwepo, sasa hakipo.

AFISA TEHAMA: Umerukia Bunge ili kukwepa swali, dada. Swali langu ni fedha. GStreamer leseni yake ni LGPL. NVIDIA wamejenga DeepStream juu yake. Wanaichukua bila kuomba, na leseni inawaruhusu. Kampuni yenye thamani inayoshinda uchumi wetu wote. Wewe uliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali, unakaa Nkuhungu umepanga, ukirekebisha mstari mmoja umewarekebishia na wao. Kwa nini mlipa kodi wa Kongwa amsaidie NVIDIA?

MTUNZAJI: Kwa sababu mstari huo ukiwa mbovu, NVIDIA wana wahandisi wa kujirekebishia kwao. Wa Kongwa hana. Serikali ya Ujerumani ina mfuko uitwao Sovereign Tech Fund. Imetoa fedha kwa GStreamer, na mwaka 2024 ikawa serikali ya kwanza kudhamini FFmpeg. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walihesabu wanategemea nini.

AFISA TEHAMA: Ujerumani ni Ujerumani. Na mfano wako nitaugeuza. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ya kubana mafaili, imewekewa mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeweka alikuwa nani? Mtu wa kujitolea, mpole, aliyejenga imani kwa miaka miwili hivi huku mtunzaji wa asili amechoka. Aliyekamata ni mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde. Wewe nawe, kwao huko, ni mtu wa kujitolea asiyejulikana. Watakuamini vipi? Na mimi niwaamini vipi wao?

MTUNZAJI: Mtunzaji wa asili amechoka. Umesema mwenyewe. Angekuwa na wenzake watatu wanaolipwa, yule mpole angepata nafasi?

AFISA TEHAMA: Usinijibu kwa swali.

MTUNZAJI: Sawa, nakujibu. Huwaamini, unawakagua. Desemba 2024 mtafiti wa GitHub alitangaza udhaifu 29 wa kiusalama ndani ya GStreamer, mwingi kwenye sehemu zinazosoma MP4 na MKV. Ukapata tiba kwenye toleo la 1.24.10. Faili likishatengenezwa kwa hila, kulifungua tu, hata kwa nia ya kulikagua, kunatosha kukudhuru. Kaka, seva zako zina toleo gani?

AFISA TEHAMA: Nitauliza.

MTUNZAJI: gst-inspect-1.0 --version. Sekunde moja.

MHADHIRI: Hapo kakushika, Afisa. Ila na wewe, binti, umekwepa kwa ustadi. Kujua toleo la seva ni kutumia programu. Hoja ni kuitunza.

MTUNZAJI: Anayejua kuitunza ndiye anayejua aiulize nini, mwalimu. Msimbo wake wote ni faili moja la C. Nimeusoma. Sidai nikabidhiwe funguo za mradi. Nadai nifuatilie mabadiliko yanayoigusa, nijaribu kila toleo kwenye mashine kama zetu, za zamani, zenye mtandao wa kukatika, na nikiona kitu kitakachomvunja mzee huyu nikiseme kabla hakijatoka. Watunzaji wa huko hawana mashine zetu wala hawana mzee huyu.

FUNDI SAUTI: Ukisema hivyo nakuelewa zaidi kuliko ulivyoanza. Lakini nataka ahadi: usinyooshe neno bila kuuliza.

MTUNZAJI: Nitakuuliza wewe. Wale wengine sijui nitawaulizaje.

AFISA TEHAMA: Tuseme nimekubali. Saa mbili kwa wiki. Ripoti yangu ya robo mwaka inadai kiashiria, na kiashiria ni namba. Robo ambayo umefanya kazi yako vizuri na hakuna kilichoharibika, niandike namba gani?

FUNDI SAUTI: Andika mafaili niliyoyakataa baada ya kuyakagua.

AFISA TEHAMA: Na robo ambayo hukukataa hata moja, mzee? Nimwambie mkaguzi wa ndani kwamba saa zimelipwa na matokeo ni sifuri?

MTUNZAJI: Mkaguzi wa ndani akipita idara nzima asikute dosari, robo hiyo halipwi?

AFISA TEHAMA: Analipwa, maana yumo kwenye ikama. Wewe unaniomba saa kwa ajili ya programu ambayo haimo hata kwenye rejista yetu ya mifumo.

MTUNZAJI: Basi tuanze kwa kuiandika kwenye rejista.

AFISA TEHAMA: Rejista ina safu ya mmiliki. Nimwandike nani?